Nani Alipe Mtaro wa Kichochoro? Historia ya Wakazi wa Orangi, Karachi



 Karibu kila familia inayokaa mjini inalijua jambo hili. Ndani ya nyumba ni pasafi, sakafu imepigwa deki, vyombo vimeoshwa na viatu vimevuliwa mlangoni. Lakini ukifungua mlango tu, unakanyaga maji machafu. Ndani pana mwenyewe, nje hapana mwenyewe. Kichochoro kinapitwa na watu wote wala hakiangaliwi na yeyote. Wa nyumba ya juu akimwaga maji, yanashuka mpaka mlangoni kwa wa nyumba ya chini, na hapo ugomvi unaanza.

Likija suala la kuchanga pesa ili mtaro uchimbwe, maneno ni yale yale. Mmoja atasema hiyo ni kazi ya serikali. Wa pili atasema yeye yuko tayari, ila watoe wengine kwanza. Wa tatu, na huyu mara nyingi ana haki yake, atauliza: zile tulizochanga mwaka juzi ziko wapi?

Hatutaki katika makala hii kumlaumu mtu yeyote. Tumeona ni bora tulitazame jambo lenyewe kwa njia ya historia, kwani wapo ndugu zetu waliokutana na maswali haya haya, wakayajibu, na majibu yao yanaweza kupimwa leo baada ya zaidi ya miaka 40. Hao ni wakazi wa Orangi, katika mji wa Karachi nchini Pakistan.

MJI ULIOFURIKA

Pakistan ilipopata uhuru Agosti 1947, Karachi ulikuwa mji wa bandari wenye watu wasiofika nusu milioni. Ukafanywa makao makuu ya nchi mpya, na papo hapo ukapokea Waislamu waliokuwa wakihama kutoka India kwa mamia ya maelfu. Sensa ya mwaka 1951 ilihesabu watu zaidi ya milioni moja. Hakuna mji unaoweza kujenga nyumba kwa kasi hiyo. Watu walilala shuleni, viwanjani na pembezoni mwa barabara, kisha wakaanza kujijengea popote palipokuwa na nafasi.

Orangi iko kaskazini magharibi ya Karachi, chini ya vilima vikavu. Serikali ilianzisha kitongoji hapo mwaka 1965 kwa kupima viwanja katika sehemu ndogo tu ya eneo hilo. Baada ya vita vya mwaka 1971, Pakistan ya Mashariki ilipojitenga na kuwa Bangladesh, walifika wakimbizi wengi wa Kibihari. Wakaja pia Wapathani kutoka kaskazini, Wapunjabi, Wasindhi na Wabaluchi waliokuwa wakitafuta kazi mjini. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, Orangi ilikuwa na watu wanaokaribia milioni moja, na wengi wao walikaa kwenye ardhi waliyouziwa na madalali bila hati yoyote.

Tusidhani kwamba watu hawa walikaa wakisubiri. Madalali wale, pamoja na ubaya wao, walikata viwanja kwa mistari iliyonyooka. Viwanda vidogo vya matofali ya saruji vilifunguliwa kila pembe, na wenye viwanda hivyo walimkopesha mjenzi matofali, wakampa na ushauri wa kujenga. Familia ilianza na chumba kimoja, ikaongeza cha pili ilipopata. Kwa hiyo nyumba zilisimama kwa jasho na pesa za wenyewe, bila ruzuku ya mtu.

Kilichobaki ni kichochoro. Nyumba nyingi zilitumia vyoo vya ndoo, ambavyo mtu alilipwa kuja kumwaga, au mashimo yaliyojaa upesi na hayakuweza kuchimbwa upya kwa kukosa nafasi. Maji ya kuoshea na kupikia yalitiririka nje. Watoto walicheza humo humo. Aliyekuwa anakwenda msikitini alfajiri alilazimika kukunja nguo na kurukaruka juu ya mawe. Sisi tunaojua umuhimu wa tohara kabla ya Sala hatuhitaji kuelezwa zaidi.

MZEE ALIYEANZA KWA KUTEMBEA

Mwanzoni mwa mwaka 1980, Agha Hasan Abedi, aliyekuwa ameanzisha benki ya BCCI, alimwomba mzee mmoja aende Orangi kutazama la kufanya. Taasisi ya hisani ya benki hiyo ingelipia ofisi na watumishi wake. Mzee huyo ni Akhtar Hameed Khan, na wakati huo alikuwa na umri wa miaka 65.

Khan alizaliwa Agra mwaka 1914. Ujana wake aliingia katika utumishi wa juu wa serikali ya kikoloni ya Kiingereza nchini India, kazi iliyotamaniwa na kila kijana msomi, na akapelekwa kusoma Cambridge. Aliiona njaa kubwa ya Bengal ya mwaka 1943 akiwa ofisa wa serikali hiyo. Mwaka 1945 akajiuzulu. Akaenda kuishi kijijini karibu na Aligarh akifanya kazi ya kibarua na ya fundi kufuli, ili ajue maisha ya maskini yalivyo. Baadaye alihamia Pakistan, akawa mkuu wa chuo kule Comilla, katika nchi ambayo leo ni Bangladesh, na kuanzia mwaka 1959 akaongoza chuo cha maendeleo ya vijijini kilichopata sifa duniani kwa vyama vyake vya ushirika. Mwaka 1963 alipewa Tuzo ya Ramon Magsaysay.

Mtu wa namna hii angeweza kuja Orangi na mpango tayari mkononi. Hakufanya hivyo. Miezi ya mwanzo alitembea vichochoroni, akakaa na watu na kuwauliza. Mradi wa Majaribio wa Orangi ulipoanza Aprili 1980, haukuwa na orodha ya majengo ya kujenga wala bajeti ya kugawa. Ulikuwa na maswali. Na jibu alilolipata mara nyingi zaidi ni lile la majitaka: tuondoleeni uchafu huu mlangoni.

Alipowauliza kwa nini hawauondoi wenyewe, wakamjibu kwamba manispaa itakuja kuleta mabomba bure. Walikuwa wamekwisha kuandika maombi, kuwafuata wanasiasa na kungoja miaka. Khan akawaambia ukweli ambao haukuwapendeza: yeye hana mabomba ya kuwapa, na manispaa haitakuja karibuni.

VIKWAZO VINNE

Khan alieleza kwamba kulikuwa na vikwazo vinne vilivyowazuia watu hawa, nasi tunavitaja kwa sababu kila mmoja wetu ataviona katika mtaa wake.

Cha kwanza kilikuwa moyoni. Watu waliamini kwamba kichochoro ni mali ya serikali, kwa hiyo kukitengeneza kwa pesa zao ni kujidhulumu. Khan na wenzake walifanya mikutano mingi midogo, wakionyesha picha na kueleza hasara ambayo kila familia ilikuwa inaipata tayari: dawa za watoto, kuta zinazoliwa na unyevu, siku za kazi zinazopotea.

Cha pili ni gharama. Bei ya kujenga mfumo wa majitaka kupitia wakandarasi wa serikali haikuwa ya maskini kabisa. Hapo mafundi wa mradi walikaa wakachambua: ni kiasi gani cha bei hiyo ni saruji na kazi, na ni kiasi gani ni faida ya mkandarasi, hongo na michoro mikubwa kuliko haja? Wakarahisisha michoro, wakatengeneza kalibu za chuma za kumwagia zege la chemba, na wakamwondoa mkandarasi katikati. Gharama ikashuka mpaka sehemu ndogo ya ile ya serikali. Katika miaka ya mwanzo familia iliweza kupata choo chake pamoja na fungu lake la bomba la kichochoro kwa kiasi cha rupia 1,000 hivi. Kwa kibarua hizo hazikuwa pesa kidogo, ila ziliweza kupatikana kwa kujinyima, na mtu aliona kitu chake kwa macho.

Cha tatu ni ujuzi. Bomba la majitaka si kama ukuta. Likikosa mteremko unaofaa, maji hurudi ndani ya nyumba. Watu wa mradi walikuja na chombo cha kupimia mteremko, wakachora ramani, wakakadiria saruji na mabomba, wakaazimisha vifaa na kufundisha.

Cha nne ni umoja. Na hapa ndipo Khan alipofanya uamuzi ambao kwa maoni yetu ndio moyo wa historia hii yote.

KICHOCHORO KIMOJA, DAFTARI MOJA

Orangi ilikuwa na makabila mengi, vyama vingi na wakubwa wengi. Kuunda kamati moja ya mtaa mzima kungekuwa kuwaita wenye tamaa waje kugombea uenyekiti. Khan akaamua kwamba kipimo cha kazi kiwe kichochoro kimoja, yaani nyumba 20 mpaka 40 hivi zinazotazamana. Kwa nini? Kwa sababu watu hao wanajuana. Wanajua nani ana mgonjwa, nani hana kazi, nani ana uwezo lakini anajificha. Hapo hakuna haja ya mkaguzi wa hesabu kutoka mbali, kwani kila jioni mwenye daftari hukutana mlangoni na wale waliompa pesa.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Wakazi wa kichochoro wakishakubaliana, walichagua mtu wao, wakati mwingine wawili, wa kuwasemea. Huyo aliandika ombi la msaada wa kitaalamu. Mafundi wa mradi walikuja kupima, wakatoa mchoro na makadirio: mabomba kadhaa, mifuko kadhaa ya saruji, na fungu la kila nyumba ni kiasi fulani. Mchaguliwa akakusanya pesa, akanunua vifaa na kusimamia kazi. Wengine walichimba wenyewe, wengine waliweka vibarua.

Na pesa za watu hazikupita kabisa katika mikono ya mradi. Mradi haukuzikusanya, haukuzitunza wala haukuzitumia. Pesa zilizotoka nje, zile za taasisi ya benki, zililipa mishahara ya mafundi, utafiti, michoro na vifaa vya kuazima. Pesa za bomba zilitoka kichochoroni na zikabaki kichochoroni.

Tuutafakari mpaka huu. Mara nyingi mfadhili anapokuja katika mitaa yetu hulipia kile kinachopigwa picha: bomba, ukuta, kibao chenye jina lake. Ujuzi hauonekani pichani, kwa hiyo halipii. Akiondoka, bomba likiziba, hakuna anayejua linapita wapi, wala hakuna anayeliona kuwa ni lake. Orangi walifanya kinyume chake. Walipewa ujuzi, wakanunua bomba. Na mtu aliyetoa rupia zake katika bomba hamruhusu jirani kutupa humo matambara na mifupa.

Vichochoro vya kwanza vilichimbwa mwaka 1981. Mwanzo walikuwa wachache. Kisha wa kichochoro cha pili walipita, wakaona pakavu, wakauliza, wakaja na ombi lao.

MAKOSA YA MWANZO

Historia ya kweli haifichi makosa. Katika vichochoro vya mwanzo yapo mabomba yaliyoharibika. Waashi wengi hawakujua kipimo sahihi cha kuchanganya saruji, mchanga na kokoto. Wengine walimwaga zege kisha wakaliacha likakauka juani bila kulimwagilia maji, nalo likapasuka. Fikiria hasira ya mtu aliyejinyima ili atoe fungu lake, halafu akaona chemba imevunjika kabla ya mwaka.

Mradi haukukimbia, wala haukurudisha lawama kwa maskini kwamba hawasikii. Ulitafiti kosa liko wapi, ukaandika karatasi fupi zenye michoro, ukafundisha waashi na wachaguliwa wa vichochoro namna ya kuchanganya na kumwagilia. Msanifu majengo Arif Hasan alijiunga kama mshauri mwaka 1982, na muda mfupi baadaye akaja msanifu kijana wa kike, Perween Rahman, aliyekuwa amemaliza masomo yake karibuni. Kazi ikawa bora mwaka hadi mwaka, na mafundi wa Orangi wenyewe wakawa waalimu wa mitaa mingine.

Wala si kwamba kulikuwa na amani wakati wote. Desemba 1986 mapigano ya kikabila yaliwaka Karachi, na watu wengi waliuawa kikatili huko Qasba na Aligarh Colony, jirani kabisa na vichochoro tunavyovizungumza. Hatusemi kwamba mtaro wa maji machafu huzuia damu kumwagika. Tunasema tu kwamba baada ya machungu yale, vichochoro viliendelea kuchanga na kuchimba.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, zaidi ya nyumba 90,000 za Orangi, katika vichochoro zaidi ya 6,000, zilikuwa na vyoo vilivyounganishwa na mabomba yaliyolipiwa na wakazi wenyewe. Hakuna tajiri mmoja aliyefanya hivyo. Ni madaftari zaidi ya 6,000.

KUNA KAZI YA NDANI NA KAZI YA NJE

Hapa msomaji makini atauliza: sawa, maji yametoka kichochoroni, yamekwenda wapi?

Swali hili lilikuwa zito. Mwanzo mabomba ya vichochoro yaliishia kwenye mikondo ya asili ya maji ya mvua inayopita Orangi kuelekea baharini. Uchafu uliondoka mlangoni lakini ukaenda kumsumbua aliye karibu na mkondo. Kichochoro chenye nyumba 30 hakiwezi kujenga bomba kuu la mji wala mtambo wa kusafisha majitaka. Hilo haliwezekani kwa kuchangishana.

Kutokana na hali hiyo Orangi walifika katika mgawanyo ambao baadaye ulijulikana sana. Waliita sehemu moja ya ndani na nyingine ya nje. Ya ndani ni choo cha nyumba, bomba la kichochoro na bomba dogo la kuunganisha vichochoro, na hii wakazi wanaweza kuilipia, kuijenga na kuitunza. Ya nje ni mabomba makuu, kufunika mikondo na mitambo ya kusafisha, na hii ni wajibu wa serikali, kwa kodi ambazo maskini pia huzilipa kila wanunuapo sukari na mafuta ya taa.

Mwaka 1988 kazi za mradi ziligawanywa katika taasisi kadhaa zinazojitegemea, na ile ya utafiti na mafunzo ikaongozwa na Perween Rahman. Yeye na vijana wa mitaani walichora ramani za vichochoro na mikondo ya maji, kwanza Orangi, kisha sehemu kubwa ya Karachi. Ramani hizo zilikuwa silaha. Serikali iliposema kwamba mitaa ya maskini haina mfumo wowote na lazima ukopwe mkopo mkubwa wa kuanza upya, walifungua ramani na kuonyesha: mabomba haya yapo, watu wameshayalipia, kilichokosekana ni hiki tu. Mwaka 1999 mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Asia kwa mradi wa majitaka wa Korangi, upande mwingine wa Karachi, ulifutwa baada ya wao kuonyesha njia ya gharama nafuu zaidi. Na mwaka 2006 sera ya taifa ya usafi wa mazingira ya Pakistan iliupokea mgawanyo huu wa ndani na nje.

Akhtar Hameed Khan hakuyaona yote hayo. Alifariki Oktoba 1999, akiwa na miaka 85.

WALIOLIPA ZAIDI YA MCHANGO

Ramani ikionyesha maji yanapita wapi, huonyesha pia ardhi ni ya nani. Perween Rahman na wenzake walianza kuandika orodha ya vijiji vya zamani vilivyomezwa na mji wa Karachi, ili wakazi wake wapate hati na wasinyang'anywe na wafanyabiashara wa ardhi. Kazi hiyo ilimletea vitisho. Jioni ya tarehe 13 Machi 2013, akitoka kazini Orangi kurudi nyumbani, alipigwa risasi ndani ya gari na kuuawa. Alikuwa na miaka 56. Mwaka 2021 mahakama moja ya Karachi iliwatia hatiani wanaume watano, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Sindh ikaifuta hukumu hiyo.

Tumelitaja hili ili vijana wetu wasidhani kwamba kutengeneza kichochoro ni jambo dogo lisilo na maadui. Mahali pa wote pasipokuwa na ramani wala daftari daima pana mtu anayefaidika napo.

Tutaje pia kwamba benki ya BCCI, ambayo taasisi yake ya hisani ndiyo iliyouanzishia mradi ofisi, ilifungwa mwaka 1991 kwa kashfa kubwa ya udanganyifu iliyotikisa nchi nyingi. Wenye akiba zao huko walipata hasara. Lakini mabomba ya Orangi hayakufukuliwa, na pesa za vichochoro hazikupotea, kwani hazikuwa zimewekwa katika mikono ya mfadhili hata siku moja.

JE, NI HAKI MASKINI ALIPE?

Kuna pingamizi moja ambalo hatuwezi kulipita. Watu wa mitaa ya matajiri wa Karachi hawakuchangishana kuchimba mitaro yao. Manispaa iliwachimbia. Je, si dhulma kumwambia kibarua atoe pesa zake kwa kile ambacho tajiri amekipata bure? Wapo wasomi waliolisema hili, na sisi tunaona wana hoja. Serikali mvivu inaweza kuitumia historia ya Orangi kama kisingizio, ikawaambia wananchi: si mmeona wenzenu wamejijengea? Jijengeeni.

Jibu la Orangi halikuwa kwamba ni haki. Jibu lao lilikuwa kwamba mtoto anayeharisha leo hawezi kungojea haki ifike baada ya miaka 20. Walifanya sehemu yao, kisha wakasimama na kuidai sehemu ya serikali wakiwa na ramani mkononi. Aliyekwisha kulipa fungu lake hudai kwa sauti tofauti na anayeomba. Na ndiyo maana tunasisitiza kwamba anayenukuu nusu ya ndani ya habari hii na kuiacha nusu ya nje, ameikata habari yenyewe.

TUNAPATA NINI SISI?

Katika mafunzo ya dini yetu, kuondoa kinachoudhi njiani kumehesabiwa kuwa ni katika imani, na kila mtoto wa madrasa analijua hilo. Haki ya jirani tunaijua. Sadaka yenye kuendelea tunaijua pia, na wazee wetu waliweka wakfu visima na misikiti. Kwa hiyo upungufu wetu si wa mafundisho. Mara nyingi upungufu wetu ni wa daftari.

Tunapokaa kifamilia kuizungumza habari hii, tunaweza kuulizana maswali machache. Mtaani kwetu, kipimo cha kuchangia ni kikubwa kiasi gani? Je, wanaotoa wanajuana kwa nyuso? Nani anashika pesa, na je, tunakutana naye kila siku au tunamwona siku ya mkutano tu? Kabla ya kuchangisha, je, yupo mtu aliyepima mteremko na kukadiria saruji, au tunachanga kwanza halafu ndipo tufikirie? Yule asiye na uwezo amewekewa utaratibu gani bila kuaibishwa mbele za watu? Na sehemu ile tusiyoiweza, tumeiandika na kuipeleka kwa wanaohusika, au tumeinung'unikia tu barazani?

Vijana wanaosoma ufundi, uhasibu na upimaji, hapa ndipo penu. Orangi haikukosa watu wa kuchimba, kwani nguvu zilikuwepo tangu mwanzo. Ilikosa anayejua bomba liinamishwe kiasi gani, na anayeweza kuandika hesabu ambayo bibi kizee wa nyumba ya mwisho akisomewa ataielewa na kuiamini. Hayo mawili si mambo ya kungojea mfadhili kutoka mbali.

Na yule jirani aliyeuliza zile za mwaka juzi ziko wapi, tusimwone mkorofi. Pesa za watu ni amana, naye ameuliza alichopaswa kuuliza. Tumjibu kwanza, kwa daftari lililofunguliwa, ndipo tumwombe za mwaka huu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe majirani wema, atusafishie nyumba zetu na njia zetu, na awarehemu waliotangulia kwa yale waliyowafanyia waja wake. Amin.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.